Anayefungiwa Mlango ni Mtu wa Katilu

Wenye tovuti na wenye programu za kukomba maandishi yaliyomo wamekuwa wakivutana tangu zamani. Mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza faili ndogo, robots.txt, ya kuziarifu programu hizo mahali zisipotakiwa. Ulikuwa mpango wa hiari, mithili ya kupiga hodi. Siku hizi kampuni zinazounda mitambo ya lugha zahitaji maneno kwa mabilioni, na wengi hawapigi hodi tena. Ndipo kuta zikajengwa. Julai 2025 kampuni ya Cloudflare ilianza kuzizuia programu hizo katika tovuti mpya inazolinda, ila mwenyewe akiruhusu.

Siwalaumu wenye kuta. Hapa kwetu, Julai 2023, jukwaa la serikali la eCitizen lilifurikishwa maombi bandia hata wananchi wakakosa huduma. Lakini ukuta humtambuaje mtu?

Njia mojawapo ni kuhesabu maombi yatokayo katika anwani moja ya intaneti. Yakizidi kiasi, huyo ni roboti. Huko Ulaya na Marekani anwani moja mara nyingi ni ya nyumba moja. Sisi tulifika wakati wa kukombeleza sufuria: AFRINIC, shirika la kugawa anwani Afrika, lilitambuliwa rasmi mwaka 2005, na sehemu kubwa ya zile anwani za awali, takriban bilioni 4.3, ilikwisha kugawanywa. Basi kampuni za simu huwarundika wateja wengi chini ya anwani moja. Mwanafunzi wa Katilu, simu mkononi kando ya mashamba ya mto Turkwel, huenda akashiriki anwani na watu wa Lodwar na Kakuma asiowajua kamwe. Wote wakitafuta nafasi za vyuo siku moja, mlinzi aona kiumbe mmoja mwenye pupa isiyo ya kibinadamu. Mkombaji mwenye fedha, kwa upande wake, hukodi maelfu ya anwani za majumbani, akapita kama jirani mwema.

Kisha huja mtihani wa picha: chagua taa za barabarani, chagua vivuko vya waendao kwa miguu, chagua mabomba ya zimamoto. Mimi nafundisha isimu, na kwangu hili si dogo. Lile bomba fupi la kando ya njia ya Marekani haliko Katilu. Laiti mtihani ungehusu ekicholong, kigoda cha Waturkana cha kukalia na kulazia kichwa, wangeanguka walioutunga! Na mashine je? Mwaka 2024 watafiti wa ETH Zurich walionyesha programu inayofaulu kila mara mtihani wa picha wa Google.

Kwa hiyo idara zetu za serikali zinaponunua ulinzi wa namna hii, zimdai muuzaji hesabu ya waliofukuzwa mlangoni: wangapi walikuwa watu, na walikuwa wapi. Tena ulinzi huo ujaribiwe kwanza kwa simu ya bei nafuu iliyoko Katilu, kabla ya kompyuta ya ofisini Nairobi.