Kabla hujalipia mashine ya vyombo, hesabu mitungi

Mimi ni wakala hapa Wote, kaunti ya Makueni. Mwisho wa mwezi kibanda changu hujaa, na siku hizi watu hawaji tu kutoa pesa. Wanakuja na picha kwenye simu. "Hebu niangalizie hii kabla sijatuma." Mwezi wa tisa mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alinionyesha mashine ya kuosha vyombo. Nyeupe, inang'aa, imepunguzwa bei hadi shilingi 38,000. Muuzaji alitaka 10,000 za kwanza jioni hiyo hiyo, na zitumwe kwa namba ya simu ya kawaida. Ati till ya duka ina shida leo.

Nilimwambia, "Mwalimu, ngoja."

Sikusema hivyo kwa sababu mimi ni mjanja. Mwaka wa 2022 mimi mwenyewe nilituma shilingi 8,500 za mashine ya kufulia nguo kwa njia hiyo hiyo. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijaweka PIN lilikuwa la mtu, sio la duka, na nililiona kabisa. Nililipita tu, kama vile mtu anavyopita maandishi ya kwenye matatu. Nilipopiga ripoti kesho yake, pesa zilikuwa zimeshatolewa. Pesa ikishatoka mikononi mwa wakala wa upande ule, hakuna wa kuirudisha kwa kubonyeza. Nilipiga hesabu ya kamisheni yangu, nikaona ni karibu mwezi mzima nimefanyia mtu nisiyemjua.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na sitayazungusha: kifaa cha maelfu hakilipiwi kwa namba ya mtu binafsi. Duka linalouza mashine lina till au paybill. Ukilipa kwenye till hukatwi ada, na jina la biashara linabaki kwenye ujumbe wako. Ujumbe huo usiufute. Siku mashine imekataa kuwaka, huo pamoja na risiti ndio utawaweka mezani. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, lakini lazima uweze kuonyesha ulinunua kwa nani. Na muuzaji akikuambia till ina shida leo, mwambie utalipa ikipona.

Hayo ya kulipa ndiyo mepesi. Kilichonifanya niandike ni swali nililomuuliza mwalimu baadaye: "Maji unatoa wapi?"

Anatoa kwenye tangi la mvua, na likiisha ananunua kwa wenye punda. Huku kwetu mvua ni misimu miwili, ya Machi hadi Mei, na ya Oktoba hadi Desemba ambayo ndiyo tunayoitegemea zaidi. Katikati hapo ni mtungi. Bwawa la Thwake, pale mpakani mwa Makueni na Kitui, lilianza kujengwa 2018, lakini huwezi kuosha vyombo kwa bwawa la kuambiwa.

Sasa hesabu nasi. Mashine kubwa ya kawaida hutumia kama lita 12 kwa mzunguko mmoja. Ukiosha mara moja kwa siku, ni lita 360 kwa mwezi, yaani mitungi 18 ya lita 20. Ukinunua mtungi kwa shilingi 20, hiyo ni 360. Stima ni karibu uniti moja kila mzunguko, kwa sababu inachemsha maji. Uniti 30 kwa mwezi, ukizipata kwa shilingi 28 kila moja, ni 840. Bado dawa ya kuoshea, ambayo haiuzwi kila duka la huku. Na kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia: tangu 2023 bei ya chini kabisa ya stima ni ya nyumba inayotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Mwalimu alikuwa anatumia 22. Mashine ikiongeza 30, anahama daraja, na hata taa zake zitalipiwa kwa bei mpya.

Wanaosema mashine inaokoa maji hawadanganyi. Wanaongea juu ya mtu anayeosha sahani chini ya bomba linalomwaga. Sisi tunaosha kwa besheni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, halafu maji yale yanaenda kwa mche wa mwembe. Ya mashine usiyapeleke kwa mboga. Dawa yake ni kali.

Kuna pia kimo cha tangi. Mashine inataka maji yaje kwa nguvu, nyingi zinaandika kwenye kijitabu chao kuanzia baa 0.3 au 0.5. Mita 10 za kimo hutoa baa 1. Tangi la mwalimu liko juu ya mawe, mita moja na nusu. Angehitaji kulipandisha au kununua pampu, na pampu haikuwa kwenye picha ya ofa.

Kwa ndugu zangu wa Kitui wenye visima vya maji ya chumvi, nyinyi ulizeni mara mbili. Mashine nyingi zina mahali pa kuweka chumvi maalum, inayosaidia kifaa cha ndani kupunguza ugumu wa maji ili chokaa isigande. Lakini hicho kifaa hakiondoi ile chumvi ya kisima inayoonjeka mdomoni. Glasi zitatoka na madoa meupe, na vyuma vya ndani vitaliwa mapema.

Tena vyombo vyenyewe. Sufuria za alumini zikiingia mle zinageuka kijivu. Mwiko wa mbao unapasuka. Kibuyu usijaribu. Na ile sufuria kubwa ya muthokoi ya Jumapili haitoshei.

Basi nimemkataza mwalimu? Hapana. Ana maumivu ya viungo vya vidole, na usiku ana vitabu 60 vya kusahihisha. Wanaosema mwanamke anayetaka mashine ni mvivu, hao huwa hawaoshi hata kikombe. Nilichomwambia ni atafute ile ndogo ya kuweka juu ya meza, yenye tangi lake ndani. Unamimina lita 5 hivi kwa jagi, hutaki bomba wala pampu. Kwa siku 30 ni lita 150, mitungi 8 kasoro.

Akauliza kuhusu kulipa polepole. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuna kulipia mdogo mdogo wakati mashine bado iko dukani. Hapo wewe ndiye unayemkopesha mwenye duka, kwa hivyo taka maandishi yanayosema ukiacha katikati utarudishiwa ngapi. Kuna na kuchukua mashine kwanza, ukalipa kwa awamu. Hiyo ina sheria yake, Sura ya 507: mkataba unatakiwa usajiliwe ndani ya siku 30, na ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, mwenye duka hawezi kuja kuibeba bila kwenda kortini. Wengi hawajui, wanafungua mlango tu wakigongewa. Kitu ambacho singefanya ni kujazia malipo ya kwanza kwa mkopo wa kuzidisha salio. Ule ni wa dharura ya siku moja mbili, ada yake inahesabiwa kila siku.

Alilipa mara tatu, zote kwa till, kwa duka ambalo mlango wake tulikuwa tumeuona. Kila ujumbe alinisomea jina kwa sauti kabla ya kuweka PIN, mpaka wateja kwenye foleni wakaanza kucheka. Mashine ilifika kwa boda, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Ni mwezi wa tatu sasa. Anaiwasha usiku mara nne kwa wiki, sio kila siku, na tokeni zimebaki chini ya uniti 40. Sufuria za alumini bado anaziosha nje kwa besheni. Wiki iliyopita mama yake alitoka Kathonzweni kumtembelea, akaisikiliza ikinguruma, akauliza, "Sasa hii inajuaje sahani imetakata?" Mwalimu akafungua, akatoa moja yenye ugali umeganda pembeni. "Haijui, mwaitu. Lazima ukwangue kwanza."

Ile namba ya ofa ya 38,000 tuliipiga tena juzi. Imezimwa.