Tuache Kukariri Mtihani wa Redio

Miongoni mwetu wanafunzi wa Kampala tunaojiandaa kwa mtihani wa mwanzo wa redio ya ridhaa, kuna ushauri unaopokelewa kama hekima: kariri majibu, faulu, mengine utajifunza ukiwa na leseni mkononi. Waliotangulia huwapa wanaofuata, nao huupokea kwa shukrani. Mimi naupinga. Ushauri huu unadanganya, na kwa mtu anayeishi Afrika Mashariki una hatari zake.

Kwanza tuelewane. Redio ya ridhaa si kituo cha FM kinachopiga muziki na kutangaza biashara. Ni mawasiliano ya watu binafsi wanaozungumza wao kwa wao, bila malipo, kwa mitambo yao wenyewe, ambayo wakitaka huiunda kwa mikono yao. Ndiyo maana pana mtihani. Anayenunua simu dukani amenunua chombo kilichokwisha kukaguliwa na wengine. Anayeunda mtambo wa kurusha mawimbi ndiye fundi na ndiye mkaguzi.

Wengi wetu hujifunzia maswali ya Marekani, ya ngazi ya kwanza iitwayo Technician. Sababu ni nyepesi: maswali yote, zaidi ya 400, yamechapishwa pamoja na majibu yake, na mtu huyapata bure. Siku ya mtihani mtahiniwa huulizwa 35 kati ya hayo, kila moja likiwa na majibu manne ya kuchagua. Akipata 26 amefaulu.

Utaratibu huo siulaumu hata kidogo. Katika nchi zetu, ambako habari za mitihani iliyovuja si ngeni, mtihani ambao hauwezi kuvuja kwa sababu uko wazi kwa kila mtu ni jambo la kuigwa. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima wanasoma karatasi ileile. Ninachokilaumu ni tabia yetu, tuliyokuja nayo tangu shule ya msingi, ya kuona jibu na kuacha swali.

Tazama matokeo yake. Swali moja linauliza masafa ya megahezi 146.52 yamo katika mkanda gani wa wanaredio. Jibu lililochapishwa ni mkanda wa mita 2, na Marekani ni jibu sahihi. Lakini ulimwengu wa redio umegawanywa katika kanda tatu. Marekani imo katika kanda ya pili, ambako mkanda huo unaanzia 144 na kuishia 148. Afrika imo katika kanda ya kwanza, ambako mgao wa kimataifa wa wanaredio unaishia 146. Kwa hiyo aliyekariri jibu lile, akaja kulitumia hapa, atakuwa anazungumza mahali palipogawiwa watu wengine. Vivyo hivyo kwa mkanda wa mita 40. Mmarekani anaruhusiwa kwenda hadi 7.3, kwetu, kuanzia 7.2 ni nafasi ya vituo vya utangazaji. Na leseni hutolewa na kila nchi kwa ajili ya ardhi yake: alama za vituo vya Uganda huanza na 5X, za Kenya 5Z, za Tanzania 5H. Karatasi ya Marekani haimfanyi mtu kuwa halali Kampala.

Tazama tena swali la urefu wa antena. Antena ya robo wimbi kwa megahezi 146 ina urefu gani? Jibu ni inchi 19. Wenzangu wanaimba "kumi na tisa, kumi na tisa" kama wimbo wa chekechea. Sasa chukua kalamu. Gawanya 300 kwa 146, unapata mita 2.05, ambazo ndizo urefu wa wimbi. Robo yake ni sentimita 51. Punguza kidogo, kama asilimia 5, kwa kuwa mawimbi huenda polepole zaidi kwenye waya kuliko angani. Unabaki na sentimita 49, ambazo ndizo inchi 19. Hesabu hiyo haichukui dakika mbili. Anayeijua anaweza kukata waya wa masafa yoyote atakayopewa. Aliyekariri 19 ana antena moja tu maisha yake yote.

Kisha kuna mambo ambayo kukosea kwake si suala la alama. Maswali yanafundisha kwamba antena isimamishwe mbali na nyaya za umeme, kiasi kwamba hata ikianguka ibaki walau futi 10, yaani kama mita 3. Yanafundisha pia kwamba waya wa kinga ya radi uwe mfupi na ulionyooka, usikunjwe kwa pembe kali. Ni kwa nini? Kwa sababu radi ni mkondo mkubwa unaokuja ghafla. Ukikuta kona kali unaweza kuruka nje ya waya na kutafuta njia nyingine, ukutani au mwilini mwa mtu. Mwezi Juni 2011 radi iliwaua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Sisi tunaoishi karibu na Ziwa Viktoria hatuna ruhusa ya kulifanya swali la radi kuwa jibu "B".

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa huu ni mtihani wa wanaoanza, na kwamba hata dereva hujifunza zaidi barabarani. Ni kweli, lakini dereva hujifunza akiwa na mwalimu kando yake, na hajifunzi kwa alama za barabara za nchi nyingine. Nitaambiwa pia kwamba muda hautoshi. Basi tuhesabu: ukisoma maswali kumi kwa siku na kuyaelewa, yote yamekwisha kwa wiki sita.

Wapo watakaosema tatizo ni Kiingereza. Hapo nakubaliana nao nusu. Mtu hukariri zaidi pale asipoelewa lugha, na asiyejua maana haambiwi maana. Lakini dawa ipo kinywani mwetu. Mkondo, ukinzani, masafa, urefu wa wimbi, kipokezi: maneno yapo na yanafanya kazi. Kwa miaka mingi nchini kwetu Kiswahili kimedharauliwa kuwa lugha ya askari. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe lugha rasmi. Tangazo halitoshi, lugha huheshimiwa inapobeba elimu. Kipimo changu ni hiki: kama huwezi kumweleza mwenzako kanuni ya Ohm kwa Kiswahili, bila kutazama kitabu, bado hujaielewa hata kwa Kiingereza.

Na faida ya kuelewa si ndogo. Tangu Novemba 2018 kuna setilaiti ya Qatar inayobeba mitambo ya wanaredio wa ridhaa, wanayoiita QO-100. Imetulia juu ya ikweta kwenye nyuzi 26 mashariki, kilomita kama 36,000 kwenda juu. Chukua ramani: hapo ni karibu kabisa juu ya Kisangani, Kongo, mji ambao Kiswahili kinazungumzwa sokoni. Mwanafunzi wa Chicago hawezi kuifikia kutoka kwao. Sisi tunaweza kusikia sauti zake kwa sahani ya kawaida ya televisheni iliyoelekezwa karibu juu ya utosi. Lakini hakuna swali katika yale 400 linalomwambia mtu wa Kampala aielekeze wapi sahani yake. Hilo atalijua yule tu aliyeelewa.

Basi tusome maswali yote, tupige hesabu zake kwa sentimita, tuwe na jedwali la masafa ya kanda yetu kando ya kila jibu, na tujadiliane kwa Kiswahili mpaka wa mwisho wetu aelewe. Alama 26 zitakuja zenyewe.