Safari ya mtoto kwa ndege huanzia kwa msajili, si JKIA

Kutoka mjini Kitengela hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) ni mwendo usiofika kilomita 30, na huenda ukaribu huo ndio unaowapumbaza wazazi. Tiketi hununuliwa kwa simu, nepi na chupa za maziwa hupangwa mkobani siku mbili kabla, kisha hugunduliwa kwamba mtoto mwenyewe hana hata karatasi moja ya kumtambulisha. Ushauri wanaopewa wasafiri wenye watoto wachanga aghalabu huhusu kilio, masikio na maziwa. Kwa familia nyingi za Kaunti ya Kajiado hayo ni mambo madogo. Kikwazo kikubwa kimo katika afisi za serikali, na huweza kukaa humo kwa miezi.

Kuna wakati ambapo jina la mtoto liliandikwa tu katika pasipoti ya mzazi. Enzi hiyo imekwisha. Kanuni za usafiri wa anga duniani zinataka kila abiria wa kimataifa awe na hati yake, hata mwenye umri wa wiki tatu, na Kenya ilipoanza kutoa pasipoti za kielektroniki mwaka 2017 watoto hawakuachwa nje. Hata anayempeleka mtoto Mombasa au Kisumu kumwona nyanya yake anaweza kudaiwa cheti cha kuzaliwa kwenye kaunta, ili umri uthibitishwe.

Pasipoti haipatikani bila cheti cha kuzaliwa, na cheti hakipatikani bila taarifa ya kuzaliwa. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inataka uzazi uandikishwe katika muda wa miezi 6. Mama aliyejifungulia hospitalini huondoka na karatasi ya taarifa. Aliyejifungulia nyumbani sharti amwendee naibu wa chifu. Muda huo ukipita, usajili huhitaji idhini ya msajili mkuu, ushahidi zaidi na ada zaidi. Chelewachelewa utamkuta mwana si wako, walisema wahenga. Walioandika sheria hiyo walikuwa karibu kulisema neno lilo hilo.

Kitengela ni mji wa wapangaji waliotoka pande zote za nchi. Mama anayeishi huko huweza kwenda kujifungulia kwa mamake Kakamega au Kitui, akarejea na mtoto huku taarifa ikibaki katika afisi ya mbali. Miaka miwili baadaye, tiketi ikiwa tayari, ndipo mtu hutumwa kuifuata. Katika maeneo ya ndani ya Kajiado, tuseme Mashuuru au Magadi, tatizo ni jingine: umbali, na uzazi wa nyumbani ambao haukufikishwa kwa yeyote mwenye daftari.

Kuna pia suala la jina. Kwa jadi ya Wamaasai, mtoto mchanga hakupewa jina rasmi mara tu alipozaliwa. Jina lilisubiri sherehe. Sheria ya usajili ina subira kiasi, kwani inaruhusu jina kuingizwa au kubadilishwa ndani ya miaka miwili. Pasipoti haina subira hiyo. Jina lililo kwenye cheti ndilo litakaloandikwa, na likitofautiana na lile la tiketi, hata kwa herufi chache, familia nzima huweza kuzuiwa uwanjani.

Lakini fundo gumu kuliko yote ni idhini ya wazazi. Maombi ya pasipoti ya mtoto aliye chini ya miaka 18 huambatana na idhini ya wazazi wote wawili waliotajwa kwenye cheti pamoja na nakala za vitambulisho vyao. Sababu yake ni njema: watoto huibwa, na wakati mwingine huibwa na mzazi mmoja akimkimbia mwenzake. Hata hivyo, sharti hilo hudhania kwamba baba yupo, anajulikana aliko, na yu tayari kutia sahihi.

Hapa ndipo haki mbili zinapogongana. Hadi mwaka 2016, kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili kilizuia jina la baba ambaye hajamwoa mama kuandikwa kwenye cheti isipokuwa wote wawili waombe pamoja. Mei mwaka huo Mahakama Kuu, kupitia Jaji Mumbi Ngugi, ilitamka kwamba kifungu hicho kilikiuka Katiba, ambayo katika Kifungu cha 53 inawapa mama na baba wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la. Akina mama wengi waliupokea uamuzi huo kwa furaha. Wachache walitambua upande wake wa pili: jina la baba likishaingia kwenye cheti, Idara ya Uhamiaji nayo humtafuta mwenye jina.

Mama ambaye cheti cha mwanawe hakina jina la baba kwa kawaida huomba peke yake. Mama aliyefiwa huonyesha cheti cha kifo. Anayebaki njia panda ni yule ambaye baba wa mtoto yu hai na ametoweka. Huyo hulazimika kula kiapo mbele ya wakili, au kusafiri kilomita zipatazo 50 kutoka Kitengela hadi mjini Kajiado kuomba mahakamani amri ya malezi. Ni haki serikali kudai idhini, lakini si haki kumgeuza baba mtoro kuwa mlinda lango wa safari ya mtoto asiyemlea. Utaratibu mmoja wa kiapo uliotangazwa waziwazi na wenye muda maalumu wa kujibiwa ungewaokoa wengi, bila kuwafungulia mlango wezi wa watoto.

Uzito wa karatasi hizo huonekana zaidi upande wa pili wa safari. Wanawake wa Kenya waliokwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, na wakajifungua huko nje ya ndoa, wamejikuta na watoto wasio na cheti cha kuzaliwa wala hati ya kusafiria. Bila hati, mtoto haruhusiwi kutoka nchini humo, na mama haondoki akimwacha. Kwao ndege si suala la nauli.

Gharama nazo zimepanda. Tangu Machi 2024 pasipoti ya kurasa 34 iliyokuwa shilingi 4,500 ilifikishwa shilingi 7,500, na mtoto halipi pungufu ya mtu mzima. Cheti cha kuzaliwa kilitoka shilingi 50 hadi 200. Muda hautabiriki pia: mwaka 2023 waombaji walisubiri kwa miezi baada ya mashine za kuchapisha kuharibika na vijitabu kuadimika. Mwenye nia ya kusafiri Desemba na mtoto asiye na cheti afadhali aanze Juni.

Hati zikishapatikana, mengine ni mepesi, ingawa yana mitego yake. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupakatwa na mzazi, na katika safari za kimataifa hutozwa takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 akiwa ugenini, atahitaji kiti chake wakati wa kurudi. Vitanda vidogo vinavyofungwa ukutani mbele ya viti ni vichache, navyo huombwa mapema. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe nakala ya cheti na barua ya idhini ya mwenzake hata kama haijatajwa popote. Afrika Kusini ilianza kudai cheti chenye majina ya wazazi wote wawili Juni 2015, ikalegeza sharti hilo mwaka 2019 baada ya sekta ya utalii kulalamika.

Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake hutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Maziwa ya mtoto huruhusiwa ukaguzini hata yakizidi mililita 100, mradi yatangazwe. Mbeleko itafunguliwa hapo, na mtoto abebwe mikononi. Ndege inaposhuka ndipo masikio huuma, kwa hiyo anyonyeshwe wakati huo.

Inabaki barabara. Maandamano ya Julai 2024 yaliwasha matairi katika Barabara ya Namanga pale Kitengela, na tarehe 11 Septemba mwaka huo wafanyakazi wa JKIA waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India, abiria wakakwama nje kwa saa nyingi. Mpango huo ulifutwa Novemba 2024. Abiria wa kimataifa huombwa kufika saa tatu kabla ya ndege kuondoka; anayetoka Kitengela na mtoto mgongoni aongeze saa moja, na nepi na maziwa ya siku nzima yawe katika mkoba wa mkononi, kwa kuwa sanduku kubwa likishapokelewa kwenye kaunta halifunguliwi tena hadi mwisho wa safari.