Tusikatazwe nafasi katika majina ya faili

Mhariri,

Ofisini kwetu umetoka waraka unaotukataza kuacha nafasi katika majina ya faili. Sasa "Maombi ya likizo" lazima yaandikwe "Maombi_ya_likizo". Napinga agizo hili.

Najua lilikotoka. Enzi za MS-DOS jina lilikuwa herufi 8, nukta, kisha herufi 3, basi. Na hadi leo, kwa anayeandika amri mwenyewe, kompyuta huchukulia nafasi kuwa mwisho wa jina. Ukiiamuru ifute "ripoti mpya" bila alama za kunukuu, itatafuta faili mbili, "ripoti" na "mpya". Ikiikuta hiyo "ripoti", imekwenda. Hofu hiyo haikubuniwa: mwaka 2001 programu ya kusakinisha iTunes 2.0 ya Apple ilifuta data za watu ambao diski zao zilikuwa na nafasi katika majina.

Lakini kosa lilikuwa la nani? Waliosahau alama za kunukuu ni waandishi wa programu, na ndio waliopaswa kurekebisha. Windows imeruhusu nafasi tangu toleo la 95, tena yenyewe huweka programu katika folda iitwayo "Program Files". Karani anayetafuta jalada huku mwenye shida amesimama dirishani anahitaji jina linalosomeka mara moja. Vistari viwekwe kwenye faili za tovuti, ambako nafasi hugeuka kuwa %20 na kuharibu anwani. Barua zetu ziachwe.

Karani wa masijala,
Morogoro