"Mbona anapigwa picha tena?"

Wodi ya watoto wenye saratani katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, hupokea wazazi kutoka kila kona ya nchi. Wapo wanaofika wakiwa wameshauza mbuzi na kupitia hospitali mbili tatu njiani. Ndiyo maana daktari akiandika altrasaundi nyingine baada ya wiki chache za dawa, swali hutoka haraka: "Jamani, si alishapigwa?"

Alishapigwa, ndiyo. Lakini picha ya kwanza na ya pili hazina kazi moja.

Chukua saratani ya figo iitwayo uvimbe wa Wilms, ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Mara nyingi mama ndiye huigundua akimwogesha mtoto: tumbo limejaa na gumu upande mmoja. Hapo wengine hukimbilia kumkanda, na uvimbe huu ukikandwa unaweza kupasuka na kumwaga saratani tumboni. Tumbo la namna hiyo lisibonyezwebonyezwe, hata na shangazi mwenye mikono ya baraka.

Picha ya kwanza huonyesha uvimbe umeanzia wapi, una ukubwa gani, na kama figo ya pili ni nzima. Kifua nacho hupigwa, maana saratani hii hupenda kukimbilia mapafuni. Kwa utaratibu unaotumika katika nchi nyingi, mtoto hapasuliwi kwanza. Huanza dawa za kwenye mshipa: wiki 4 hivi kama uvimbe uko kwenye figo tu, wiki 6 na dawa ya ziada kama mapafu yameguswa. Lengo ni uvimbe usinyae, utolewe bila kupasuka.

Kisha inakuja picha ya pili, na hapo ndipo matibabu ya mtoto mmoja huachana na ya mwenzake wa kitanda jirani. Sentimita za mwanzo hulinganishwa na za sasa. Madoa ya mapafuni yakitoweka kabisa, mtoto anaweza kuepushwa mionzi ya kifua. Yakibaki, mpango hubadilika, na huenda akahitaji mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, si mbali na hapo. Kifua cha mtoto anayekua si cha kupigwa mionzi bila sababu.

Picha nayo haijui kila kitu. Kuna uvimbe usiopungua sana ilhali dawa imefanya kazi, ndiyo maana ukishatolewa hupelekwa maabara.

Kinachowaponza wengi ni macho. Tumbo likishuka, mtoto akaanza kukimbia na kudai chipsi, mzazi huanza kuulizia basi la kurudi mkoani. Tumbo kushuka si saratani kwisha. Anayebanwa na gharama azungumze na wauguzi mapema kabla hajatoroka; shirika la Tumaini la Maisha husaidia watoto wa wodi hiyo kutibiwa bila malipo.

Altrasaundi haina mionzi. Kipimo cha CT kinayo, hivyo hakiandikwi ovyo. Mtoto mdogo anaweza kupewa dawa ya usingizi ili atulie, kwa hiyo saa za kutokula zifuatwe; andazi moja la kumnyamazisha linaweza kuahirisha kipimo. Na bahasha ya picha za zamani, hata zile za hospitali ya wilaya, isiachwe kwa bibi. Daktari ataihitaji mezani, kando ya picha ya leo.