Tai ya Mlinzi

Nina kesi na tai. Si na tai yenyewe, maana ninazo tisa kabatini, na kila moja nalijua shati lake. Kesi yangu ni na wale walioitoa tai shingoni, mahali pake, wakaitundika mlangoni pa vyumba vya elimu ikawa bawabu. Wasomaji watakaoona kuwa jarida la fasihi limeingiliwa na mambo ya cherehani nawaomba radhi. Lakini mlango ulioguswa hapa ni mlango wetu sote, na aliyezuiwa alikuwa mwanafunzi wa lugha yetu.

Mwaka juzi nilialikwa na chuo kimoja, ambacho jina lake halitaongeza wala kupunguza kitu katika hoja yangu, niwe mtahini wa nje wa tasnifu ya uzamili. Mtahiniwa alikuwa kijana aliyekaa zaidi ya mwaka baina ya wavuvi akikusanya nyimbo za kuvutia nyavu, na kazi yake ilikuwa bora kuliko nyingi nilizopata kuzisoma. Alifika robo saa kabla ya wakati. Alivaa suruali nyeusi iliyopigwa pasi ikanyooka, shati la miraba ya buluu na nyeupe, na koti la kahawia. Hakuwa na tai. Mwenyekiti wa jopo akamwambia pale pale mlangoni kwamba hawezi kuingia, kwa kuwa mwongozo wasema wanaume, watahini na mtahiniwa, watavaa koti na tai. Kijana akatoka. Sisi wanajopo tukabaki tukitazamana na kunywa maji. Baada ya dakika ishirini akarudi na tai shingoni: nyeusi, yenye ngao nyekundu iliyotariziwa na herufi tatu chini ya ngao. Ilikuwa tai ya mlinzi wa lango. Mwenyekiti akaitazama, akatikisa kichwa kwa ridhaa, na kazi ikaanza.

Nami sikusema neno. Hilo nalikiri mapema, asije mtu akadhani nawahukumu wenzangu nikiwa nimesimama juu ya kilima. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni, na kwa kuwa tai yangu siku ile ilikuwa imenikaa vizuri. Jioni nilipotoka nilimkuta mlinzi langoni, ukosi wazi, akihojiwa na msimamizi wake ni kwa nini yuko kazini bila ya tai.

Tuulize basi: jopo lile lilitaka nini? Ikiwa lilitaka uzuri, halikuupata. Kuoanisha shati, tai na koti ni elimu ya kweli yenye kanuni zake, wala simdharau mtu aijuaye. Koti ndilo bwana wa mavazi. Nguo nyingine hulifuata kama vile sifa na kitenzi vinavyolifuata jina katika sentensi yetu. Shati aghalabu huwa na rangi nyepesi kuliko koti, na tai huwa na rangi nzito kuliko shati. Shati likiwa na miraba midogo, tai iwe na nakshi kubwa zaidi au isiwe na nakshi kabisa, maana nakshi mbili za ukubwa mmoja zikikaribiana hugombana na kumtia mtazamaji kizunguzungu. Upana wa tai hufuata upana wa ukosi wa koti. Ncha yake hugusa kifungo cha mkanda, isizidi wala isipungue. Mkono wa shati huchungulia nje ya mkono wa koti kadiri ya sentimita moja. Na mtu akivaa koti lisilo la suruali ile, atenganishe rangi waziwazi: buluu mbili zilizokaribia kufanana bila ya kufanana ni mbaya kuliko buluu na kijivu, kwa kuwa hizo za kwanza huonekana ni kosa, na hizi za pili huonekana ni hiari.

Nimetaja sarufi, lakini mfano huo una mpaka wake, na wanafunzi wangu hunikumbusha. Katika upatanisho wa kisarufi kufuatana ndiko kusahihi. Katika mavazi kufanana kupita kiasi ni udhaifu. Mfano ulio karibu zaidi ni kina. Kina kizuri hukutanisha maneno mawili yaliyo mbali, yakagusana mwishoni tu. Tai na kitambaa cha mfukoni vilivyokatwa katika jora moja, viuzwavyo pamoja ndani ya kisanduku, ni sawa na mshairi anayerudia neno lile lile katika kila mshororo na kuliita kina: kina kimepatikana, ushairi umetoroka. Wajuzi wakubwa wa jambo hili barani kwetu ni wale waitwao sapeurs wa Brazzaville na Kinshasa, ambao wengi wao ni watu wa kazi za kawaida na mshahara mdogo. Wanayo kanuni kwamba vazi la mtu lisizidi rangi tatu. Kanuni hiyo ni kali, nao huishika. Lakini huishika kwa kupenda.

Kwa vipimo hivyo, vazi la kijana wetu lilikuwa na upatano kabla hajafukuzwa. Kahawia, buluu na nyeupe ni rangi zinazojuana. Tulipomrudisha na ngao nyekundu kifuani juu ya miraba ya buluu, tulimharibu. Na jopo lililomharibu lilikuwa na hali gani? Mwenyekiti, ambaye ni rafiki yangu na atanisamehe, alivaa koti jeusi juu ya suruali ya weusi mwingine, na mkononi mwa koti ilikuwa ingali imeshonwa ile lebo ya kiwanda ambayo hutiwa nyuzi chache ili mnunuzi aitoe afikapo nyumbani. Koti hilo nalifahamu huu mwaka wa nne. Mwanajopo wa pili tai yake ilikoma juu ya kitovu. Kwa hiyo si uzuri uliotakwa. Kilichotakwa ni kipande cha kitambaa kining'inie.

Kama wanajopo, ambao kazi yetu ni kusoma ishara, tungeisoma tai ile, tungecheka au tungelia. Historia yake ni ya ishara tangu mwanzo. Ilianza kujulikana Ufaransa katika karne ya 17 kwa vitambaa vya shingoni vya askari wa Kikroeshia, na neno la Kifaransa la kitambaa hicho, cravate, latokana na jina la watu hao. Tai ndefu tuifungayo leo ilipata umbo lake katika miaka ya 1920, wakati Jesse Langsdorf wa New York alipoikata mshazari na kuiunga kwa vipande vitatu, isijipinde baada ya kufunguliwa. Waingereza nao wakaifanya bendera ya uanachama. Mistari fulani ni ya kikosi fulani cha jeshi, mistari mingine ni ya shule fulani, na asiyekuwa wa kikosi hicho aivaapo huonekana mwongo. Kwa kanuni hiyo hiyo ya wenye tai, mtafiti wetu wa nyimbo za wavuvi aliingia mbele yetu akiwa askari wa kampuni ya ulinzi, na mlinzi akabaki langoni bila kikosi.

Sasa nitasema la fedha, maana mjadala huu hupenda kulikwepa. Wanafunzi wetu wengi hununua nguo katika mitumba. Marobota hufungwa kwa aina ya nguo: suruali huja na suruali, makoti na makoti, mashati na mashati. Suti iliyoshonwa nchi za baridi kwa jora moja hufika kwetu imekwisha kuachishwa, koti likawa yatima Ilala au Gikomba, na suruali yake Mungu ajua ilikoangukia. Kijana mwenye elfu chache hawezi kuzikutanisha. Awezalo ni kutumia jicho lake, kutafuta koti na suruali zisizo ndugu lakini zenye kusikizana. Na kijana wetu alilifanya hilo kwa ufundi. Aghalabu koti hilo ni la sufu nzito ya majira ya theluji, lenye bitana tele, naye hulivaa Februari katika mji wa pwani, joto likipita nyuzi 30, ndani ya chumba chenye pangaboi moja. Halafu twamwuliza kwa nini anatoka jasho anapojibu maswali ya nadharia.

Watetezi wa mwongozo hunijibu kwa neno moja: heshima. Husema kwamba tai humfunza kijana kuwa siku ile si sawa na siku nyingine, na kwamba tukifungua ukosi leo, kesho watakuja kwa kandambili. Jibu hili si la kipumbavu. Mimi pia nataka siku ya utetezi wa tasnifu iwe na vazi lake. Mtu aliyevaa kwa makini huzungumza kwa makini. Ninachokataa ni dai kwamba heshima ina shingo moja tu. Pwani yetu ina vazi la heshima ambalo jopo lolote lingeinuka mbele yake: kanzu safi, koti juu yake, na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Waganda nao huvaa kanzu na koti katika sherehe zao. Vazi hilo limechukua koti la Ulaya na kulipatanisha na kanzu, jambo gumu kuliko kupatanisha tai na shati, na halikuomba tai. Kwa maandishi ya mwongozo ule, mzee wa Lamu aliyevaa hivyo, hata kama angekuwa ndiye mjuzi mkuu wa tenzi ulimwenguni, angebaki nje na mlinzi. Na cha ajabu zaidi, siku ya mahafali wasomi wale wale hujifunika vazi ambalo kwa Kiswahili tunaliita joho, jina la vazi la waungwana wa pwani.

Kuna ndugu wengine watakaonipigia makofi hapa, nami sitaki makofi yao. Ni wale wasemao kuwa suti ni pingu ya mkoloni, ichomwe yote, tuvae chetu. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu alipiga vita suti na tai katika Zaire, akawavisha wanaume wa serikali koti lisilo na tai lililoitwa abacost, jina ambalo kwa Kifaransa husikika kama kusema suti na ianguke. Hata mwaka 1990, aliporuhusu vyama vingi, ndipo na tai ikaruhusiwa. Kwa miaka karibu ishirini mtu wa Lubumbashi au Bukavu aliyetaka kufunga tai alisimama mlangoni vile vile kama mtafiti wetu, ila kwa sababu iliyopinduliwa. Uhalisi wa Kiafrika ukitiwa askari mlangoni haumwachii mtu hiari zaidi ya tai ya Kiingereza.

Wala upande wa tai haukuacha kujibu. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alikataza suti za Kaunda na mavazi ya jadi ya Kiafrika bungeni, akisisitiza koti, ukosi na tai; na hayo yalitokea wakati ambapo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana mara kwa mara katika suti hiyo ya Kaunda. Vazi lililochukua jina la Rais wa kwanza wa Zambia, mtu aliyeiongoza nchi yake kuingia katika uhuru mwaka 1964, likaonekana halitoshi kuingia katika bunge la nchi huru. Sidhani yuko mtunzi wa kejeli ambaye angethubutu kulibuni hilo.

Nimeambiwa kwamba nakuza jambo dogo, kwa kuwa kijana alifaulu. Ni kweli, alifaulu, tena kwa alama za juu. Lakini mimi nilikuwapo na nilimsikia. Katika nusu saa ya kwanza, mtu aliyekuwa akizijua nyimbo zake kama jina la mamaye alijikwaa katika maswali ya mwanzo, mkono wake ukienda shingoni kila alipotafuta neno. Alipoulizwa kwa nini wavuvi hubadili mahadhi nyavu zinapokaribia ufuo, alijibu kwa sentensi moja, na jibu la swali hilo lilijaza sura nzima ya tasnifu yake. Hatukulipata. Tulikuwa tumelibadilisha na tai.

Bodi ya kitivo chetu itakutana mwezi ujao, na mwongozo wetu una kifungu kama kile kile. Nimepeleka pendekezo la mstari mmoja: maneno "koti na tai" yafutwe, na mahali pake pawekwe "nguo safi za heshima". Asiyeweza kutambua nguo safi ya heshima bila ya kuandikiwa orodha, sijui atatambuaje tasnifu njema. Ama chuo kile, kimenialika tena kutahini mwaka huu. Nimeukubali mwaliko, na katika barua yangu nimemwarifu mwenyekiti kwamba nitakuja kwa kanzu nyeupe, koti la kijivu na kofia, bila ya tai, na kwamba sitaazima ya mlinzi. Hajanijibu.