Visima vikibanana, mafuta hayaongezeki

MKULIMA yeyote anajua kwamba mahindi yaliyopandwa kwa kubanana hayajazi ghala. Mabua huwa mengi, punje huwa chache. Somo hilo limewagharimu fedha nyingi wachimbaji wa mafuta wa Marekani, hususan katika bonde la Permian lililoko Texas na New Mexico.

Huko mafuta yamo ndani ya mwamba mgumu usioyaachia kwa urahisi. Wachimbaji huchoronga kisima kwenda chini kilomita mbili au tatu, kisha hukilaza ndani ya mwamba kwa umbali wa kilomita kadhaa. Baadaye husukuma humo maji, mchanga na kemikali kwa nguvu kubwa hadi mwamba upasuke. Mchanga hubaki kwenye nyufa kuzizuia zisijifunge, na mafuta hupata njia.

Tatizo huanza kisima cha pili kinapochimbwa jirani. Kisima cha kwanza, kinachoitwa mzazi, kikishatoa mafuta kwa muda mrefu, shinikizo katika mwamba unaokizunguka hupungua. Nyufa za kisima kipya, yaani mtoto, huelekea upande huo uliolegea badala ya kuenea kwenye mwamba ambao haujaguswa. Mara nyingi mtoto hutoa mafuta machache, na mzazi naye huweza kuharibika kwa maji na mchanga wa jirani.

Ndiyo maana wahandisi hutumia programu za kompyuta kukadiria ufa utakwenda wapi na utakuwa na urefu gani. Hesabu za Perkins na Kern, zilizochapishwa mwaka 1961, zilichukulia ufa mmoja ulionyooka. Hali halisi ni nyingine. Katika jaribio lililofanyika Texas kwa msaada wa Wizara ya Nishati ya Marekani, watafiti walichoronga kisima cha mshazari kupita kwenye mwamba uliokwisha kupasuliwa na kutoa vipande vyake. Walikuta nyufa nyingi zilizosongamana.

Hapo ndipo penye hoja. Kompyuta haikosei kujumlisha. Jibu lake huharibika inapolishwa makadirio yanayompendeza mwenye kampuni. Mwaka 2019 kampuni ya Concho Resources ilikiri kwamba visima 23 vya mradi wake wa Dominator vilikaribiana mno. Bei ya hisa zake ilishuka kwa zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja.

Wapo wanaodai kwamba kutenganisha visima ni kuacha mafuta ardhini. Dai hilo lina uzito, kwani kurudi baadaye kuchimba karibu na mzazi aliyechoka ni kujitafutia hasara. Hata hivyo, dawa yake si kubahatisha. Ni kuchimba visima vichache vya majaribio, kupima shinikizo, kusahihisha hesabu, ndipo kupanga shamba zima.

Jambo hili si la Texas pekee. Tangu mwaka 2018 Marekani imeongoza duniani kwa kuzalisha mafuta ghafi. Mafuta yake yakipungua sokoni, bei ya dizeli ya trekta huguswa, na nauli ya mzigo wa mchuuzi vilevile. Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote. Afadhali visima vichache vilivyopimwa kuliko vingi vinavyonyang'anyana.